Ulisema ni Picha Tu

Chebet,

Usije ukaniuliza kwa nini nakuandikia barua wakati tunalala nyumba moja. Nakuandikia kwa sababu tukianza kuongea tutagombana, na nikigombana na wewe leo nitabaki na ugomvi huo miaka yote utakayokuwa ng'ambo, bila mtu wa kuumaliza naye. Wewe uko Ainabkoi unamuaga baba yako na ng'ombe wake. Mimi nimefunga studio mapema. Mvua inapiga mabati, nami nimekaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye pazia la maporomoko ya maji nyuma yake. Nimekasirika. Nakuambia tangu mwanzo usije ukadhani hii ni barua ya machozi.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kukumbuka kusali, shangazi zako watakwambia kesho asubuhi, wote kwa pamoja, nawe utaitikia "ndiyo, ndiyo" kama kawaida yako. Mimi sina habari ya sweta. Mimi nina yale maneno uliyoniambia hapa hapa studio siku Kansela, diwani wetu huyu, alipotaka nimpige picha. Ulisema, "Mama, si ni picha tu?"

Wewe! Mtoto uliyekula picha, ukavaa picha, ukasomeshwa na picha! Baba yako mahindi yake yalikuwa yakipigwa na mvua ya mawe, lakini watu hawakuacha kuoa, wala hawakuacha kubatizwa, wala hawakuacha kutaka vitambulisho. Digrii yako ya fizikia ilitoka kwenye chumba changu cha giza, kwenye vidole hivi vyenye harufu ya dawa ambayo haitoki hata kwa sabuni ya nguo. Halafu unapanda ndege kwenda kuungana na watu ambao kazi yao yote, kwa maelezo yako mwenyewe, ni kutafuta namna ya kupata picha moja iliyo safi. Sasa niambie nani mwenye wazimu hapa.

Na hiyo fizikia usidhani ulifundishwa chuo. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele hayapo, nikakubeba kwenda kupiga picha kwaya ya kanisa huko mbele ya Kaptagat, pale ardhi inapokatika na bonde linafunguka chini. Walitaka wapigwe na bonde nyuma yao. Nikakuonyesha kioo cha kuchuja ambacho nilikuwa nakiskurubu mbele ya lenzi. Nikakueleza kwamba kuna mwanga wa jua ambao macho yetu hayauoni lakini filamu inauona, na huku kwetu juu ni mwingi. Ukiuacha uingie, milima yote inatoka imefifia kama mtu kaimwagia maziwa. Ukaniuliza, "Kama hatuuoni, tunajuaje uko?" Nikakujibu, "Tunaujua kwa vile unavyoharibu." Maprofesa wako wakikupa sifa, wakumbushe nani alianza.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna kitu hukijui, na hukijui kwa sababu mimi sikukuambia. Mwaka ule wa uchaguzi wa kupanga foleni ulikuwa chuo Nairobi. Wanafunzi walikuwa wanafukuzwa kwa kucheka mahali pasipofaa. Nikaogopa kukujaza maneno kifuani. Nilikwambia tu kwamba kamera iliharibika, ukasema pole, tukaongea mambo mengine. Nilidhani nakukinga. Kumbe nilikuwa nakulea uwe mtu anayeweza kusema "ni picha tu."

Kogo wako, mama ya baba yako, alikuwa anakaa nami hapa mjini kwa ajili ya ule mguu na kliniki zake. Siku hiyo aliamka kabla ya kuku. Akavaa shuka lake zuri, akakataa uji, akasema anakwenda kusimama. Nikamwambia, "Kogo, na mguu huo?" Akasema mguu utasimama pamoja naye, utaenda wapi. Tukaenda pole pole mpaka uwanja wa shule.

Unajua ilivyokuwa. Hakuna karatasi wala sanduku. Ajenti wa kila mgombea anashika picha ya mtu wake juu ya fimbo, na wewe unajipanga nyuma ya sura unayoitaka, mchana kweupe, chifu akikuangalia na jirani akikuangalia. Picha zote mbili zilikuwa zangu. Nilizipiga kwenye kiti hiki hiki, nikazikuza, nikazibandika kwenye mbao. Nilijivuna siku hiyo, nakwambia ukweli. Nilitembea uwanjani kama mwenye harusi.

Na nilikwenda na kamera, si kwa ushujaa. Mimi si mtu wa siasa. Watu wakikusanyika mimi hupiga, kwa sababu wiki inayofuata watakuja kujitafuta kwenye picha na watanunua. Nilianza na wa kwanza wa foleni ya mgombea mmoja, mwalimu mstaafu, ambapo Kogo alikuwa amesimama. Halafu nikaendelea kupiga jinsi foleni ilivyoendelea kukua. Ilipita lango la mpira, ikazunguka jikoni kwa shule, ikaenda mpaka kule vyooni na bado watu walikuwa wanakuja. Ile nyingine, ya huyu ambaye leo tunamwita Kansela, haikutoka kwenye kivuli cha mlingoti wa bendera. Mtoto wa nasari angekuambia ipi ni ndefu.

Msimamizi akapita akihesabu kwa kidole. Akasimama juu ya meza ya darasani, akatangaza. Akatangaza kwamba foleni fupi imeshinda.

Watu kwanza walicheka. Walidhani amechanganya majina, maana jua lilikuwa kali. Walimngoja ajirekebishe. Hakujirekebisha. Ndipo vijana wa chama wakaanza kusogea na rungu zao, na watu wakaanza kutazama chini. Mimi mjinga nikainua kamera.

Mtu mmoja mwenye koti refu akaja mpaka karibu nikasikia pumzi yake.

"Mama, hizi picha unapiga ni za nani?"

"Ni za biashara, mzee. Wenyewe watanunua."

"Leta hiyo kitu."

Nikampa. Akafungua mgongo wa kamera, akainyanyua juu, akaigeuza geuza kwenye jua kama mtu anayeanika mahindi. Hakuwa na haraka. Halafu akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Sasa imeona jua. Enda uuze."

Wakacheka. Huyo Kansela wako alikuwa amesimama hapo hapo na shada la maua shingoni, naye alicheka, ameziba mdomo kwa mkono kama msichana. Ndicho ninachokumbuka kuliko vyote, ule mkono mdomoni.

Kogo alikuwa bado amesimama. Foleni ilikuwa imevunjika, watu wametawanyika, yeye yuko pale pale kwenye nafasi yake kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia imekwisha. Nilipomshika mkono aliniuliza kwa lugha yetu kama amehesabiwa. Nikamwambia twende nyumbani. Njiani akaniuliza tena. Na tangu siku hiyo, Chebet, ikawa ndiyo salamu yake. Nikimpelekea chai, "Nilihesabiwa?" Nikimfunga mguu, "Yule mtu alipopita, alinihesabu?" Mwanzoni nilimjibu ndiyo. Baadaye nikachoka, nikawa namkemea, "Kogo, achana na hayo, kuta zina masikio." Alikufa akiwa ameacha kuuliza, na nadhani aliacha kwa sababu yangu. Wewe ulikuja matangani ukalia, ukarudi chuo. Hilo hukuambiwa.

Sasa njoo kwenye pasipoti yako. Barua ya wazungu ilikuwa imefika, nafasi iko, tiketi wanatoa wao. Lakini pasipoti hakuna. Kila ofisi ilitutuma kwa nyingine. Chifu alisema ni juu, huko juu wakasema ni kwa chifu, na mtu mmoja akaniuliza kwa upole kwa nini msichana wa Uasin Gishu anataka kwenda kusoma mambo ya atomu, kwani anataka kulipua nani. Ulikuwa unarudi jioni macho mekundu. Niliona, ingawa ulikuwa unajifanya ni vumbi.

Ndipo Kansela akaingia studio, suti mpya, amechana nywele kwa maji.

"Mama Chebet, mimi nasikia mtoto ako na shida kidogo. Hiyo ni kitu ndogo. Mimi naongea tu."

"Asante, mheshimiwa."

"Lakini na mimi nataka picha. Kubwa, ya rangi. Na unaweka hapo kwa dirisha, watu wakipita waone tuko pamoja."

Nikaingia nyuma kana kwamba natafuta filamu. Wewe ulikuwa unakata vitunguu. Nikakwambia siwezi. Nikakwambia afadhali nivunje hiyo kamera. Ukaniangalia kama mtoto aliyeshika wali na kuona ananyang'anywa, ukasema, "Mama, si ni picha tu? Mpige, aende zake, tumalizane na yeye."

Nikampiga.

Na hasira yangu nyingine, hii hapa, hii simwekei mtu mwingine. Nilimpiga vizuri! Nilitaka kumwachia kivuli chini ya macho, nilitaka shingo itoke nene. Mikono yangu ikakataa. Mikono hii haijui kufanya kazi mbaya, mbwa hawa. Ikasogeza taa, ikamwinua kidevu, na alipotoka kwenye karatasi alikuwa na sura ya mtu ambaye ungempa ng'ombe akuchungie. Sasa yuko dirishani, mahali pa maharusi, na watu wanaopita wananiangalia kwa upande. Fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye tulisimama naye foleni moja, siku hizi ananisalimia kama mtu anayelipa ushuru. Pasipoti ilikuja upesi, ikiwa imefungwa vizuri kwenye bahasha. Sijutii kwamba umeipata. Usinielewe vibaya. Nakasirika kwamba ilibidi.

Kwa hiyo siku ile pasipoti ilipofika nilikuita kwenye chumba cha giza. Taa nyekundu inawaka, nilikuwa naosha picha za ubatizo. Nikakwambia, nieleze sasa, nimeuza dirisha langu kwa sababu ya kitu gani. Na ulinieleza, na nitakuandikia hapa vile nilivyokuelewa, ili ukisoma huko ujue kwamba mama yako alikuwa anasikiliza.

Ulisema, "Mama, huko nje juu ya dunia kuna atomu zinatembea peke yake. Hazina umeme, kwa hivyo sumaku ya dunia haiwezi kuzipindua. Zinakuja moja kwa moja kutoka penye zilianzia. Ukiweza kuzishika, unapata picha ya mahali hakuna mtu amewahi kuona."

"Si muzishike basi."

"Ni chache, na zinakuja na nguvu kidogo sana. Tuko na chombo ya kuzihesabu. Atomu ikigonga, chombo kinaandika moja. Ingine ikigonga, moja. Lakini huko pia kumejaa ile mwanga ya jua yenye macho haioni, ile ulinionyesha Kaptagat. Na hiyo mwanga ikigonga, chombo pia kinaandika moja."

"Kwa hivyo kinahesabu vitu ambavyo havikuja?"

"Kinahesabu tu. Kwa kila atomu moja ya kweli, mwanga umegonga mara nyingi mpaka huwezi kujua. Hesabu inakuwa kubwa, Mama, na yote ni uongo."

Nilidondosha koleo kwenye beseni. Uliniuliza kama nimeungua. Nilikwambia endelea.

Ukaniambia habari ya wavu. Kwamba kuna watu wanajaribu kutengeneza wavu wa dhahabu, wenye nafasi nyembamba kuliko wimbi la huo mwanga, waweke mbele ya chombo. Mwanga ukifika haupati pa kupita, unaishia hapo. Atomu ni ndogo, inapenya. Na hiyo ndiyo kazi utakayokwenda kuifanya wewe, kupima ni mwanga kiasi gani umezuiwa na ni atomu ngapi zimebaki. Nikakuuliza swali la mpiga picha, kwamba je, wavu hautazuia na atomu zenyewe? Maana kila kioo unachoweka mbele ya lenzi kinakula kitu.

"Utazuia zingine," ulisema. "Nyingi zitapotea. Lakini zile zitapita, zitakuwa ni zenyewe."

Ulisema hivyo huku unafuta mikono kwa kitambaa, ukatoka kwenda kupanga nguo. Hukujua ulichoniachia.

Chebet, ile filamu ilikuwa kwenye droo. Ilikuwa bado ndani ya kamera ile ile. Sikuwahi kuigusa. Mtu mwenye koti alisema imeona jua, watu wakacheka, nami nikaamini kwamba imekufa. Mimi! Umri wote huu wa kazi! Nimewahi kuokoa picha za harusi ambazo kaka ya bwana harusi alifungua kamera akitafuta pa kuweka betri. Najua kabisa kwamba filamu iliyokwisha pigwa inajizungusha yenyewe, ya kwanza ikikaa ndani kabisa na ya mwisho ikikaa juu. Jua linachoma ya juu, linachoma inayofuata, lakini kila tabaka linakula mwanga kidogo, na ukienda ndani unakuta giza. Filamu inajichuja yenyewe. Najua hayo kuliko ninavyojua Baba Yetu. Na bado sikuiosha, kwa sababu nilikuwa nimeamini kicheko cha mtu ambaye hajui hata upande gani wa kamera ni mbele.

Hiyo ndiyo hasira kubwa kuliko zote. Kansela ni Kansela, nitamtegemea nini? Lakini mimi nilichukua neno la mwizi kwamba nyumba yangu imekwisha, nikakaa nje na funguo mkononi. Ukifika huko watakuja watu wenye makoti mazuri kuliko lile, watakuambia kazi yako imeharibika, na wengine watacheka. Ioshe kwanza. Ndilo pekee nitakalokwambia lenye sura ya mawaidha, na ukilicheka nitajua.

Ulipoondoka kwenda Ainabkoi, nilifunga mlango nikaiosha. Zile za foleni ndefu, zile zilizozunguka jikoni mpaka vyooni, zimekwenda. Nyeusi tupu, kama lami. Nilizipitisha vidoleni moja moja na hakuna kitu. Nilitukana, nashukuru Mungu kuta za chumba kile ni nene. Lakini kuelekea ule mwisho wa ndani weusi ulianza kupungua, ukabaki pembeni tu kama ugali ulioshika sufuria. Na ile ya ndani kabisa, ile niliyoipiga asubuhi kabla hofu haijaamka, imetoka.

Ni watu watano tu, ukingo umeungua. Haithibitishi chochote, usijidanganye. Hakimu gani atakubali? Haionyeshi foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, wala nani alishinda. Inaonyesha Kogo, wa tatu kutoka mbele, shuka lake zuri, mkono mmoja juu ya bega la mtu wa mbele na mguu mbaya umetangulizwa kidogo. Anatazama kamera kama anayengoja kuulizwa jina. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Ndiyo, nililia, lakini nililia kwa hasira, na hayo ni machozi ya aina nyingine.

Nimechapisha picha mbili. Moja nitaiweka dirishani, ndege yako ikishavuka mpaka na si kabla, maana mimi si mwendawazimu. Nitaiweka kando ya Kansela, kwenye fremu ndogo. Akija kuuliza nitamwambia, mheshimiwa, huyu ni mama mkwe wangu, marehemu, amesimama tu. Kuna sheria gani inayokataza mwanamke mzee kusimama? Yule fundi wa viatu atavuka barabara aje kuangalia. Nataka nione uso wake.

Ya pili iko kwenye sanduku lako, chini ya zile sweta za shangazi, imefungwa kwenye karatasi nyeusi. Usiifungue hapa, utaanza kuongea, nami nitaanza kuongea, na basi la Nairobi halingoji. Ifungue huko, kwenye maabara yenu, siku ile wavu wako utakapozuia mwanga na chombo kikaanza kuhesabu vitu vya kweli. Na siku hiyo useme tena kwamba ni picha tu, kama mdomo utakubali.

Chai ya njiani nitakufungia, kwa maziwa mengi. Hasira bado ninayo na sina mpango wa kuiacha, lakini nakupenda, mtoto huyu, kuliko dirisha langu na kila kitu kilichowahi kuwekwa ndani yake. Mvua imepungua na nasikia sauti yako nje unamlipa mtu wa mkokoteni, kwa hiyo naimaliza.

Nyuma ya picha ya Kogo sikuandika jina wala tarehe. Nimeandika kwa penseli kile ambacho yule msimamizi alikataa kuandika, na ambacho chombo chenu kitaandika kila atomu ya kweli itakapopita.

Moja.

Mama yako